Kumwona bundi wa Pemba: msitu wa Ngezi, mikarafuu na kazi ya masikio

Bundi wa Pemba hutafutwa kwa masikio. Macho huja mwisho, tena kwa sekunde chache tu. Wengi wanaotoka Ngezi bila kumwona huwa walianza na tochi: walimulika kila mti waliopita, wakazungumza njia nzima, na ndege waliyemfuata alikuwa kimya juu yao akingoja wapite. Anayesimama mahali pamoja, akazima taa na kunyamaza nusu saa, ana nafasi nzuri kuliko anayezunguka msitu mzima.

Maelezo haya ni ya mtu anayetaka kumwona ndege huyu vizuri na kumwacha kwenye tawi lile lile alilomkuta.

Ndege mwenyewe

Jina lake la kisayansi ni Otus pembaensis, na haishi popote duniani ila kisiwa cha Pemba. Sababu iko baharini. Unguja imetengana na bara kwa maji ya kina kifupi, na katika enzi za barafu, bahari ilipokuwa chini, iliungana nayo. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, kwa hiyo viumbe vyake vimekaa peke yao muda mrefu mno. Ndege wasiopatikana ila Pemba ni wanne: bundi huyu, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Hao watatu utawaona mchana bila tabu kubwa. Bundi ndiye mwenye kazi.

Aliingizwa katika maandishi ya sayansi mwaka 1937 na Pakenham, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali Zanzibar. Kisha kwa miaka mingi vitabu vilimhesabu kuwa tawi tu la bundi mdogo wa Madagaska. Ukiwa na kitabu cha zamani cha ndege ukamkosa kwenye faharasa, mtafute chini ya jina la yule wa Madagaska.

Ni mdogo. Urefu wake ni kama sentimita 20, haujazi shibiri ya mtu mzima. Macho ni ya manjano. Rangi zake ni za aina mbili: wako wenye wekundu wa kutu mwili mzima, na wako waliofifia kuelekea hudhurungi. Wote wawili ni bundi yule yule, na kifuani michirizi yao ni hafifu. Kichwani ana vishungi viwili vifupi vya manyoya, lakini usivitegemee kumtambua. Akiwa ametulia huvilaza, na kichwa kikaonekana mviringo kama cha kifaranga; akishtuka huvisimamisha na kujinyoosha mwili uwe mwembamba kama kipande cha tawi kilichovunjika. Ukiona ameshajinyoosha hivyo, jua umemkaribia kupita kiasi. Rudi hatua tatu au nne, zima taa, ngoja.

Pemba kuna na bundi mwingine, yule mkubwa mwenye uso mweupe umbo la moyo, anayekaa kwenye mapaa, magofu na mashimo ya minazi. Yeye ana urefu wa zaidi ya sentimita 30, miguu mirefu, na hulia mlio mkali wa kukwaruza kama nguo inayochanwa. Huyo si wetu. Wenyeji wengi ukiwauliza habari za bundi watakuelekeza kwake kwa sababu ndiye wanayemwona karibu na nyumba, hivyo unapouliza, eleza sauti kwanza, kisha ukubwa, na rangi mwisho.

Sauti

Isikilize rekodi yake siku kadhaa kabla ya safari mpaka uijue bila kufikiri. Mlio ni silabi moja: *hu*. Mfupi, laini, hauna mkwaruzo, hauna mtetemo. Mara nyingine huutoa mmoja mmoja na kukaa kimya kwa muda usiotabirika, na hapo ndipo wengi hudhani ni chura au wamesikia vibaya. Mara nyingine huunganisha minne, mitano au sita mfululizo, kama miwili kwa sekunde: *hu-hu-hu-hu-hu*, kisha kimya. Dume na jike huitikiana, na mmoja sauti yake ni nyembamba kidogo kuliko ya mwenzake. Ukisikia sauti mbili zisizolingana zikipokezana kutoka miti miwili, una jozi, na jozi huwa haiondoki haraka.

Kuna sauti zinazodanganya. Jioni kabla ya kiza kuingia, pugi, aina ya njiwa mdogo, huanza kwa mlio wa chini unaofanana kidogo, ila wake huongeza kasi na kuporomoka mwishoni kama mpira unaodunda, nao hukoma jua likizama. Bundi haongezi kasi namna hiyo. Komba hulia kwa nguvu, kilio cha kupanda na kushuka kinachoweza kumtisha mgeni. Hakifanani kabisa na *hu*, lakini humeza kila sauti nyingine. Akianza, subiri amalize, usihame. Nyenje na vyura ni tatizo la mvua. Sauti zao hazikatiki, na *hu* moja katikati yake hupotea usipokuwa umeshaizoea.

Jizoeze jambo moja nyumbani: mwambie mtu acheze rekodi kwa sauti ndogo akiwa amejificha nje, nawe ufumbe macho na kuonyesha kidole inakotoka. Utaona unavyokosea mara za mwanzo. Milio mifupi isiyo na mkwaruzo ni migumu kuipa mwelekeo, na Ngezi hakuna mtu wa kukuambia umekosea.

Wapi

Mahali pa uhakika zaidi ni Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, kilomita chache kupita Konde kwenye barabara iendayo rasi ya Kigomasha. Msitu huu ni masalio ya misitu iliyofunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya kufyekwa kwa ajili ya mikarafuu. Barabara inaukata katikati, mivule mirefu pande zote mbili, na sehemu za bondeni kuna mipapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya mnazi, ambao nao haumei kwingine ila kisiwa hiki. Kituo cha msitu kiko kando ya barabara hiyo hiyo. Upande wa kaskazini mashariki kuna Msitu Mkuu, mdogo zaidi na usio na huduma. Nao unafaa, ila uende na mtu anayeujua.

Bundi huyu pia hukaa kwenye mashamba ya mikarafuu ya zamani, yale ambayo miti imekua mirefu na majani yamefungana. Wageni wengi hawalijui hili, ingawa lina faida kubwa: usiku wa upepo Ngezi ukawa haufai, shamba la karafuu bondeni linaweza kuwa tulivu. Mikarafuu michanga iliyopandwa kwa nafasi haimfai. Anahitaji kivuli kizito cha kulala mchana, matundu ya miti mikubwa kwa ajili ya kiota, na nafasi chini ya matawi ya kurukia wadudu.

Kufika Konde ni rahisi mchana. Daladala zinatoka Chake Chake, kupitia Wete au njia ya mashariki. Usiku hakuna cha kukurudisha, kwa hiyo patana na mwenye gari au bodaboda akungoje, na mpatane tangu mwanzo kwamba injini itazimwa na redio pia. Gari linalonguruma mita 50 nyuma yako linatosha kuharibu usiku mzima. Wanaolala Kigomasha wako karibu zaidi. Anayelala Wete ahesabu safari ya kurudi usiku kwenye barabara yenye ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na watoto.

Ruhusa, na adabu ya mahali

Nenda kituoni mchana wa siku hiyo, kabla ya alasiri. Lipa ada, chukua risiti, na uulize ada ya usiku mbali na ya mchana. Usiku huingii bila mtembezi wa msitu, yaani anayewaongoza wageni. Hilo ni kwa usalama wako, na pia mtembezi ndiye anayejua bundi alisikika wapi usiku uliotangulia. Ukimkuta ni mtu mzima, mwamkie ipasavyo, shikamoo kwanza, habari za nyumbani, ndipo shughuli. Kisha mwulize maswali matatu: amesikika wapi mara ya mwisho, saa ngapi, na analia mmoja mmoja au mfululizo. Jibu la swali la tatu linakueleza mengi. Mtembezi anayeliweza alimsikiliza kweli.

Wakati mzuri wa bundi unagongana na maghribi. Panga mapema. Mpango unaofanya kazi ni kufika kituoni saa 12:00 jioni, kungoja pale watu wasali, na kuingia msituni baada ya sala, kiza kikiwa kinakamilika. Anayemharakisha mtembezi aache sala kwa ajili ya ndege anapoteza moyo wa mwenzake kwa usiku uliobaki. Mwezi wa Ramadhani usipange jioni kabisa, maana ni saa ya kufuturu na baada yake tarawehe. Omba alfajiri, baada ya daku, nayo ni saa nzuri vile vile.

Vaa suruali ndefu na mikono mirefu. Inafaa heshima ya mahali, inafaa mbu, na zaidi ya yote inafaa upupu, ambao majira ya kiangazi hupukuta vijinywele vyake kwenye vichaka vya kingo za njia. Ukikugusa shingoni, kusimama kimya nusu saa hakuwezekani tena.

Na jambo la bundi na imani. Watu wengi humchukulia kuwa ndege wa mikosi, na mtu anayeulizia bundi usiku anaweza kudhaniwa ana shughuli za uganga. Sema wazi kwamba unataka kumtazama ndege wa Pemba ambaye nchi nyingine hawanaye, onyesha picha yake na darubini yako. Mazungumzo hubadilika. Watoto ndio wepesi zaidi kuvutiwa wakiambiwa kwamba ndege huyu ni wa kisiwa chao peke yao, na mtoto aliyeambiwa hilo huenda asimtupie jiwe.

Majira na saa

Masika, Machi mpaka Mei, epuka. Mvua kubwa, njia zenye maji, na sauti ya matone inayofunika kila kitu. Kumbuka kwamba hata mvua ikiisha majani huendelea kudondosha matone kwa saa moja au zaidi, na tone linaloangukia jani pana hutoa sauti inayofanana na *hu* kwa namna ya ajabu. Vuli, kuanzia Oktoba au Novemba, huja na kuondoka. Hapo unaweza kupata usiku safi baada ya mchana wa mvua.

Kusi kinapovuma kwa nguvu, Juni na Julai, tatizo ni upepo. Kipimo chake ni rahisi: simama barabarani jioni, ukisikia vilele vya miti vikivuma bila kukatika, usiku huo tafuta bonde au shamba lililokingwa, au lala. Kuanzia Agosti kusi hupungua. Kaskazi, Disemba hadi Februari, kuna joto na ukavu, na usiku huwa mtulivu.

Jua la Pemba huzama kati ya saa 12:10 na 12:45 jioni kufuatana na mwezi. Dirisha la kwanza ni dakika 20 baada ya hapo hadi kama saa 2:30 usiku. La pili ni saa 10 alfajiri mpaka mwanga wa kwanza. Usiku wa manane mara nyingi kimya ni kingi, na uchovu unakufanya uanze kutembea ovyo. Kama una siku mbili, tumia jioni moja na alfajiri moja, usichukue jioni mbili. Mwezi mpevu si lazima; nusu mwezi hukusaidia kuona umbo la ndege akiruka kati ya matawi.

Vya kubeba

Darubini ya macho mawili ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, ndiyo bora. Inayokuza zaidi hutetemeka mkononi na huingiza mwanga kidogo. Ya 8x25 ya mfukoni haifai usiku. Tochi mbili: moja ya kichwani yenye mwanga mwekundu kwa ajili ya kutazama miguu, na moja ya mkononi yenye mwanga wa lumeni 200 hadi 300 unaoweza kupunguzwa. Kama ya kichwani haina taa nyekundu, funga kipande cha nailoni nyekundu kwa mpira. Mwanga mwekundu unayaacha macho yako yaendelee kuzoea kiza, na mazoea hayo huchukua dakika 20 mpaka 30 kukamilika. Kuangalia simu mara moja kunayarudisha mwanzo. Zima skrini, usiipunguze tu.

Viatu vifunikavyo vifundo, soksi zilizovutwa juu ya suruali kwa ajili ya siafu. Maji. Dawa ya mbu ipakwe kituoni, si msituni. Acha koti la mvua la plastiki linalochakarisha: kila ukipumua linalia, na mwenzako hasikii kitu. Watu wasizidi wanne pamoja na mtembezi. Wa tano daima ndiye anayekohoa.

Usiku wenyewe

Tembeeni kwa mstari, mtembezi mbele, taa nyekundu chini, hadi pale alipodokeza. Mkifika, zimeni zote. Dakika kumi za mwanzo ni za msitu kuwasahau. Weka viganja nyuma ya masikio, vidole vimekunjwa kama vikombe, na ugeuze kichwa polepole. Utashangaa sauti zinavyosogea.

Mlio wa kwanza ukisikika, usinyanyue mguu. Usinyanyue tochi pia. Nyosha mkono kuelekea ulikotoka na uuache hapo mpaka mlio wa pili, urekebishe, kisha wa tatu. Kila mmoja wenu afanye hivyo bila kusema neno, halafu mlinganishe mikono. Mikono minne ikielekea mti mmoja, vizuri. Ikitawanyika, mwaminini aliyesimama mbali na shina kubwa, kwa sababu shina huakisi sauti na kumpotosha aliye karibu nalo.

Sasa tafuta pembe ya pili. Mmoja arudi njiani mita 15 au 20, angoje mlio, anyoshe mkono tena. Mistari miwili inapokutana ndipo ndege alipo. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka, wakaingia vichakani kufuata mwelekeo mmoja, wakapita chini ya bundi bila kujua. Angalia pia mtego huu: sauti ikififia ghafla, haimaanishi kaondoka. Mara nyingi kageuza kichwa tu. Bundi akiwaelekea, *hu* ina ukamilifu. Akiwapa kisogo, hiyo hiyo hufika kama iko mita mia mbali. Ngoja milio mitano kabla ya kuamua kwamba kahama.

Sogeeni njiani, si kichakani, mpaka mbaki na kama mita 15 kwa mti. Chagueni pa kusimama ambapo mnauona mti kutoka chini hadi katikati. Hapa ndipo tochi inapoingia. Ishike kando ya jicho, usawa wa darubini, si kiunoni, maana macho ya mnyama hurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Tochi ikiwa kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni. Washa kwa mwanga wa chini kabisa, anza na shina, panda nalo hadi matawi ya kwanza, kisha fuata tawi moja kwenda nje na urudi. Tawi la pili. La tatu. Kupeperusha mwanga huku na huku kama mnara wa bandari hakuonyeshi kitu, na kunamtisha.

Unachotafuta si ndege mzima. Tafuta nukta mbili zilizo karibu, zilizotulia, zikielekea kwako, na chini yake kivimbe kisicho na umbo la jani. Komba naye macho yake hung'aa, tena kwa wekundu mkali kuliko ya bundi, lakini ni makubwa, na hayatulii: hupotea, yakatokea mita mbili pembeni. Vinukta vya kijani na buluu vinavyometa kama umande ardhini na kwenye majani ni buibui. Jozi iliyo chini kabisa, ikikutazama kisha ikageuka na kuondoka taratibu, yaelekea ni ngawa.

Usipoona kitu na mlio unatoka pale pale, usiongeze mwanga. Hama hatua moja kushoto, tazama. Mbili kulia, tazama. Majani ya karibu nawe ndiyo yanayomficha zaidi kuliko ya mti wake, na hatua moja inaweza kufungua kidirisha. Ukimpata, mwanga usiozidi sekunde 30 kwa mara moja, ukiwa umeelekezwa pembeni yake kidogo ili aguswe na ukingo wa mwanga tu. Zima dakika kadhaa kabla ya kuwasha tena. Mkiwa wengi, pokezaneni darubini gizani, msubirini anayetazama awe tayari, ndipo muwashe. Baada ya mara ya tatu, mwacheni. Bundi anayemulikwa hawindi, na chakula chake ni wadudu anaowakamata kwa kuwaona na kuwasikia.

Picha: usitumie flashi. Lenzi ya milimita 300, ISO 3200 hadi 6400, kasi ya 1/60 mpaka 1/125, kamera ikiegemezwa kwenye mti au kwenye kiegemeo cha mguu mmoja, fokasi kwa mkono kwenye jicho. Ukikosa picha, umekosa picha. Hakuna sababu ya kumuongezea mwanga kwa ajili hiyo.

Kumchezea rekodi

Rekodi ya mlio wake hufanya kazi, na kwa sababu hiyo hutumiwa vibaya kuliko kitu kingine chochote. Bundi anayesikia *hu* ngeni kwenye eneo lake anaona kuna mvamizi. Huacha kuwinda, huacha kiota, huja kupigana na simu. Kwenye njia inayopitwa na wageni mara kwa mara, ndege yule yule akichezewa kila jioni, ama huhama au hunyamaza moja kwa moja, na wanaokuja baada yako wanalipia.

Msimamo wetu ni huu. Mwezi wa Agosti hadi Oktoba, majira ya kutaga, usicheze kabisa. Miezi mingine, jaribu kwanza kungoja saa nzima. Baada ya hapo, kama mtembezi ameridhia, cheza kwa spika ya simu tu, isizidi sauti ya ndege halisi, sekunde 15, kisha kimya dakika tano. Mara tatu basi. Akiitikia hata mara moja, zima na usirudie.

Kosa la kawaida ni watu kuitazama simu wakingoja jibu. Bundi huruka bila sauti; kingo za manyoya ya mbawa zake ni laini na huvunja upepo. Yaelekea atakuja kimya kimya, akatua nyuma yenu au juu ya vichwa vyenu, akatafuta mvamizi. Mmoja wenu awe amegeukia nyuma tangu mwanzo, macho kwenye uwazi kati ya matawi na anga, akiangalia kivuli kinachokatiza.

Kwenye mashamba ya karafuu

Hapa ruhusa ni ya mwenye shamba, na ni vyema sheha wa shehia naye apate habari. Msimu wa mavuno usiende usiku hata kama umeruhusiwa na mmoja, kwa sababu karafuu ni mali, hulindwa, na mtu mwenye tochi kati ya mikarafuu saa mbili usiku atachukuliwa kuwa mwizi kabla hajafungua mdomo kueleza habari za ndege. Nje ya msimu, mwenye shamba aende nawe, au kijana wake. Usikanyage majamvi wala kuegemea matawi. Tawi la mkarafuu hukatika upesi.

Namna ya kutafuta inabadilika kidogo. Mikarafuu imepangwa kwa safu, na majani yake huanza karibu na ardhi, kwa hiyo kutoka nje ya mti huoni kitu. Simama kati ya safu mbili, sikiliza, kisha ingia chini ya mti wa jirani na utazame kwa ndani, kutokea shinani kwenda juu. Ndani ya mkarafuu mkubwa kuna uwazi kama chumba, na bundi hupenda kukaa kwenye matawi ya ndani.

Mchana

Kumtafuta mchana kwa kutikisa vichaka ni kosa, na ni bure. Amelala kwenye majani yaliyofungana, rangi yake haitofautiani na gome, na akiondoka hutamuona alikotua. Ila mtembezi akijua mahali anapolala, mnaweza kumtazama kutoka njiani, mita 10 au zaidi, kimya, dakika chache. Dalili zinazosaidia ni madoa meupe ya kinyesi kwenye majani ya chini ya tawi moja, na kelele za ndege wadogo waliokusanyika wakimpigia makelele kitu kisichoonekana. Chozi na kinengenenge wakikizonga kichaka kimoja kwa hasira, simama utazame kwa darubini wanakoelekeza midomo.

Ukipata kiota au mahali pa kulala, mwambie mtembezi na uishie hapo. Usiweke mahali penyewe mtandaoni, wala picha yenye kumbukumbu za GPS ndani yake. Wako wanaomwogopa na wako wanaomtaka kwa uganga. Unapoandika ripoti yako, taja Ngezi, tarehe, saa ya mlio wa kwanza, idadi ya ndege uliowasikia kando ya uliowaona, hali ya upepo, na kama ulitumia rekodi. Usiku usiomsikia uandike pia, kwa saa ulizokaa. Kituo kiachie nakala kabla hujaondoka Konde.